Namna ya kuachana na mfuko wa maikrowevu bila kuachana na bisi

Saa nane za usiku, kwenye chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Kansas City, Marekani, harufu ya siagi inakupokea kabla hujashika kitasa cha mlango. Kwa miaka sita nilikuwa mmoja wa wanaoitoa harufu hiyo. Nilikuwa naweka mfuko kwenye maikrowevu, nabonyeza kitufe chenye picha ya bisi, nasimama pale pale mpaka ilie, halafu naufungua mfuko nimeuinamia ili mvuke wote unipande puani. Ile pumzi ya kwanza niliipenda kuliko bisi zenyewe.

Usiku mmoja wa Januari kengele ya chumba cha bibi mmoja ililia bisi zikiwa bado ndani. Nikakimbia. Niliporudi chumba kimejaa moshi na mfuko umeungua ubavuni. Nikafungua dirisha, baridi ikaingia, na moyo ulipotulia nikachukua mkasi nikaupasua mfuko wote, kwa sababu nilitaka kujua ni kitu gani kinachonuka vile. Mahindi yaliyoungua nayajua. Mama yangu aliuza bisi stendi ya Korogwe tangu kabla sijaanza shule, na harufu ya sufuria iliyounguza iko kichwani mwangu mpaka leo. Hii haikuwa hiyo. Upande wa chini wa mfuko, katikati ya karatasi mbili, nikakuta kipande cha kijivu chenye kung'aa, kikubwa kuliko kiganja changu, kimepasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka.

Nikaanza kusoma tangu siku hiyo. Haya ninayoandika yametoka kwenye kusoma huko na kwenye majaribio ya jikoni kwangu. Nawaandikia ndugu zangu mnaofanya zamu za usiku ughaibuni, na nyinyi mlio nyumbani mnaoletewa visanduku vya mifuko hii ya bisi kwenye mabegi ya wageni. Mimi mwenyewe nimewabebea ndugu zangu, tena vingi.

Kilichomo ndani ya mfuko

Kile kipande cha kijivu ni utando wa plastiki uliopakwa alumini nyembamba sana. Kinanasa mawimbi ya maikrowevu na kuwa moto kama kikaango, hupita nyuzi 200 za Selsiasi. Kimewekwa kwa sababu punje ya bisi hupasuka kwenye nyuzi kama 180: ndani yake mna maji yapata asilimia 14, maji yanageuka mvuke, mvuke unasukuma mpaka ganda linashindwa. Bila kile kipande, punje nyingi zingebaki mbichi chini ya mfuko. Lakini fikiria maana yake. Mafuta, gundi na karatasi vyote vinakaa juu ya kikaango hicho kwa dakika mbili au tatu.

Sasa jiulize jambo ambalo mimi sikujiuliza kwa miaka sita. Gazeti la kufungia vitumbua linalowa mafuta kabla hujavuka barabara. Mfuko wa bisi unabeba mafuta yanayochemka, nawe unaushika kwa nje ukiwa mkavu. Inawezekanaje?

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa kemikali za jamii inayoitwa PFAS. Zinafukuza mafuta na maji pia, ndiyo maana viwanda vilizipenda. Ubaya wake ni kwamba haziozi. Zikiingia kwenye maji zinabaki, zikiingia kwenye damu zinakaa. Mojawapo, PFOA, mwili huchukua kama miaka miwili hadi minne kuipunguza ifike nusu tu, na hapo ni kama hukuongeza nyingine. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka PFOA kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kilichopakwa kwenye mifuko si lazima kiwe PFOA yenyewe. Mara nyingi kilikuwa ndugu zake wa ukoo, na baadhi yao wakivunjika wanageuka kuwa hiyo.

Mwaka 2019 watafiti wa Silent Spring Institute ya Massachusetts walitoa matokeo yaliyonifanya niweke simu chini. Walichukua takwimu za Wamarekani zaidi ya 10,000 waliopimwa damu kati ya 2003 na 2014, wakalinganisha na vyakula walivyosema wanakula. Waliokula bisi kila siku, na bisi nyingi Marekani ni za maikrowevu, walikuwa na baadhi ya PFAS kwenye damu kwa hadi asilimia 63 zaidi. Waliopika nyumbani kwa vyakula vya dukani walikuwa nazo pungufu.

Hapa lazima niseme ukweli wote, kwa sababu nimeona ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kimebadilika. Januari 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilifuta ruhusa ya aina tatu za kemikali hizi kwenye karatasi za chakula. Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi na maboksi ya chakula kuanzia Julai 2020. Februari 2024 FDA ikatangaza kwamba PFAS za kuzuia mafuta haziuzwi tena Marekani kwa ajili ya vifungashio vya chakula. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo chake kuanzia tarehe 12 Agosti 2026. Kwa hiyo kisanduku ulichonunua juzi hapa Marekani si sawa na nilichokula mimi mwaka 2014.

Wasiwasi wangu uko kwenye visanduku vya zamani na kwenye visanduku vilivyotoka nchi zisizo na sheria hizo. Nilipokwenda likizo nilikuta nyumbani kwa dada yangu Tanga kisanduku nilichombebea mwaka 2018. Alikitunza juu ya kabati kwa ajili ya wageni wa heshima. Nilikitoa nikakitupa, akanishangaa, nikakaa naye tukazungumza mpaka akaelewa.

Kama huna uhakika na mfuko, kuna kipimo cha jikoni. Ukate, umwage vilivyomo, tafuta sehemu safi isiyoguswa na mafuta yake, udondoshe tone moja la mafuta ya kula. Tone likisambaa au likanywewa, ni dalili nzuri. Likisimama duara kama maji juu ya jani la magimbi, karatasi hiyo imepakwa kitu kikali cha kufukuza mafuta. Si kipimo cha maabara na hakikutajii jina la kemikali. Mimi kinanitosha kuamua nisiutumie.

Ile harufu ya siagi

Jambo hili limenigusa zaidi kuliko karatasi, maana limetokea jirani.

Wifi yangu anaishi Joplin. Nikienda kwake nashika barabara ya I-49 kuelekea kusini, na nikikaribia kufika napita Jasper, mji mdogo wa mashamba ambao ukipepesa macho umeshaupita. Mei 2000 idara ya afya ya jimbo letu la Missouri ilipokea taarifa ya watu 8 waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bisi za maikrowevu hapo Jasper. Wote walikuwa na ugonjwa mbaya wa mapafu ambao ni adimu sana, bronkiolitisi obliteransi. Vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu vinajaa makovu na kuziba. Makovu hayo hayafutiki, na dawa za pumu za kupuliza haziyasaidii. Baadhi yao walikuwa wameandikishwa kusubiri kupandikizwa mapafu ya watu wengine.

Serikali ilituma wataalamu wa NIOSH, taasisi inayoshughulikia usalama na afya ya wafanyakazi. Waliwapima waliokuwa bado kazini wakakuta kuziba kwa njia za hewa ni mara 3.3 ya kiwango kilichotarajiwa kwa watu kama wao. Walioumia zaidi walikuwa wachanganyaji: wale waliosimama kwenye pipa kubwa la mafuta ya soya yaliyopashwa moto na kumimina ndani yake ladha ya siagi. Mvuke ulipanda usoni mwao zamu baada ya zamu. Mwaka 2002 matokeo yalichapishwa kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, na kemikali iliyonyooshewa kidole ilikuwa diasetili.

Diasetili ndiyo inayoifanya siagi inukie siagi. Imo kidogo kwa asili kwenye siagi halisi, na kuila kwa kiasi hicho hakujaonekana kuwa shida. Shida ni kuivuta ikiwa mvuke, kwa wingi, mara kwa mara.

Mwaka 2007 ikaja habari ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanda. Daktari bingwa wa mapafu wa Denver, Cecile Rose, aliiandikia FDA kuhusu mgonjwa wake wa kiume aliyekuwa akila mifuko ya bisi za siagi kila siku kwa miaka mingi, na ambaye alikuwa na mazoea ya kuuvuta ule mvuke mfuko unapofunguliwa kwa sababu aliipenda harufu yake. Mapafu yake yalifanana na ya wafanyakazi. Baadaye, mwaka 2012, baraza la mahakama lilimpa fidia ya zaidi ya dola milioni 7. Niliposoma kuhusu ile pumzi yake juu ya mfuko niliacha kusoma kwa muda. Nilikuwa namwona mtu nimfahamuye.

Mwaka huo huo wa 2007 kampuni kubwa za Marekani zilianza kutangaza kwamba zinaiondoa diasetili kwenye bisi zao. Baadhi ya watengenezaji wa ladha walihamia kwa ndugu yake, pentanedioni, na majaribio kwa panya yakaonyesha kwamba nayo inaumiza njia za hewa kwa namna ile ile. Ndiyo maana maneno "haina diasetili" kwenye kisanduku hayanitoshi. Hata orodha ya viungo haikusaidii sana, kwa sababu ladha zote zinafichwa nyuma ya maneno mawili tu: "natural flavor" au "artificial flavor". Ukikuta mojawapo, jua kuna kitu cha kunukia ambacho hukutajiwa.

Nisikutie hofu isiyo ya lazima. Mtu anayekula mfuko mmoja kwa wiki hana sababu ya kukimbilia hospitali. Walioumia walivuta mvuke mwingi kwa miaka. Lakini kuna njia rahisi ya kutouvuta kabisa, na sioni sababu ya kutoifuata.

Kama bado una mifuko ndani

Geuza kisanduku utazame tarehe. Kilichotengenezwa kabla ya 2024 kitupe, usimpe mtu. Usikichome kwenye jiko la mkaa wala kwenye moto wa takataka.

Kwa vilivyo vipya, chagua vyenye mahindi, mafuta na chumvi tu. Usitumie kile kitufe cha picha ya bisi, maana hakijui ukubwa wa mfuko wako wala nguvu ya maikrowevu yako. Simama hapo usikilize. Mlio ukifika sekunde mbili kati ya punje na punje, zima. Punje chache zitabaki, ziache. Zinazotafutwa kwa nguvu ndizo zinazounguza mfuko.

Halafu usiufungue. Hili ndilo ningependa ulikumbuke kama utasahau mengine yote. Watafiti wa EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, walipima hewa wakati bisi zinapasuliwa na wakati mfuko unafunguliwa. Wakakuta kama asilimia 80 ya kemikali zote zilizotoka zilitoka pale mfuko ulipofunguliwa. Kwa hiyo uache upoe dakika tano au zaidi. Ufungulie chini ya feni ya jiko inayotoa hewa nje, au dirishani, umeuweka mbali na uso, mdomo wake ukielekea kusiko na mtu. Mvuke huo pia unababua, nimewahi kubabuka kidole gumba.

Mimina bisi kwenye bakuli mara moja. Usile kutoka mfukoni, na usimwachie mtoto alambe mafuta yaliyobaki ndani, maana hapo ndipo anaposugua karatasi kwa ulimi.

Na uangalie jirani yako. Mama Furaha, mwenzetu kutoka Bukavu, ana pumu na amekuwa akikaa karibu na ile maikrowevu kwa sababu hapo ndipo penye joto. Siku nilipomweleza habari hizi aliniambia, "Mwanangu, ile harufu inanibana kifua tangu zamani, nilidhani ni uzee." Hakuwahi kusema kwa sababu sote tulikuwa tunaifurahia.

Bisi za sufuria

Mara yangu ya kwanza kupika bisi kwenye jiko la umeme niliunguza sufuria mbili mfululizo. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

Nikamweleza. Akauliza, "Unamwaga punje zote kwa mpigo?" Nikasema ndiyo. "Basi hapo ndipo unapokosea. Tia tatu kwanza, zikuambie mafuta yamefika."

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara, sikujua kwamba ni kipimo. Nilidhani anaonja bahati.

Chukua sufuria ya kitako kizito ya lita tatu hivi. Alumini nene au chuma inafaa. Usitumie kikaango cha kutoshika chakula, kwa sababu utando wake ukipita nyuzi 260 unaanza kutoa moshi wa kemikali, na sufuria yenye mafuta kidogo juu ya moto mkali inaweza kufika huko ukiwa umegeuka kuchukua chumvi. Tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti au ya mahindi. Moto uwe wa wastani. Tia punje tatu, funika.

Zote tatu zikishapasuka, zitoe. Mimina theluthi moja ya kikombe cha punje, zisambae safu moja tu chini. Sasa ipua sufuria, ihesabie hadi thelathini. Mama alikuwa anaiinua kutoka kwenye jiko la mkaa na kuniambia, "Haya, hesabu," nami nahesabu kwa sauti nimechuchumaa pembeni. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ndiyo hesabu yangu ya kwanza. Maana ya kuipua ni hii: punje zote zinapata joto sawa bila yoyote kuwahi, hivyo ukirudisha motoni zinapasuka karibu kwa pamoja, na zile za mwanzo haziungui zikisubiri wenzake.

Rudisha motoni. Zikianza kualika, sogeza mfuniko kidogo uache upenyo mwembamba wa mvuke kutoka, vinginevyo bisi zinakuwa tepetepe. Shika sufuria kwa kitambaa uitikise mbele na nyuma, si juu na chini. Mlio ukipungua mpaka sekunde mbili, ipua, na umimine hapo hapo kwenye bakuli pana, kwa kuwa kitako cha sufuria kinaendelea kuunguza hata moto ukiwa umezimwa. Mafuta yakitoa moshi wakati wowote, punguza moto na ufungue dirisha. Moshi wa mafuta yaliyoungua nao unachoma koo na kifua.

Chumvi ya kawaida huteleza ikaishia chini ya bakuli, ndipo unapojikuta unaongeza kila mara. Itwange kwenye kinu kidogo mpaka iwe laini kama unga. Nusu ya kijiko cha chai inatosha bakuli zima, na utaionja kila unapotafuna. Ukitaka ile ladha ya siagi, yeyusha kijiko kimoja cha siagi halisi au samli kwa moto mdogo, usiiunguze, nyunyiza huku ukigeuza. Mimi napenda samli, wanangu wanapenda siagi.

Kazini, penye maikrowevu tu

Hapa nilihangaika, kwa sababu nyumba ya wazee haina jiko la kupikia kwa wafanyakazi. Watu wengine wanashauri mfuko wa kahawia wa dukani. Usifanye hivyo. Mifuko hiyo haikutengenezwa kwa maikrowevu, inaweza kushika moto na kutoa mafusho.

Ninachotumia ni bakuli kubwa la glasi nene lililoandikwa kwamba linafaa maikrowevu, na sahani ya udongo ya kufunikia. Vijiko vitatu vya chakula vya punje, bila mafuta. Funika, washa kwa nguvu zote, usikilize. Kwenye maikrowevu yetu huchukua kama dakika tatu na nusu. Yako ina dakika zake, utazijua baada ya mara mbili. Bakuli litakuwa moto mno, lishike kwa glavu nene na uliweke juu ya kitambaa kikavu. Ukiliweka kwenye sinki lenye maji linaweza kupasuka. Punje zinazobaki ni nyingi kidogo kuliko za sufuria, na bisi ni kavu, kwa hiyo chumvi haishiki vizuri. Nanyunyizia matone machache ya samli niliyobeba kwenye kichupa. Mama Furaha sasa anakula nami, na bado amekaa kwenye kona yake yenye joto.

Kwa mnaofanya kazi viwandani

Wengi wetu tunapofika huku tunaanzia viwandani: vya nyama, vya biskuti, vya vyakula vya watoto. Ugonjwa wa Jasper haukuishia kwenye bisi. Umeonekana kwa watu wanaotengeneza ladha zenyewe, na diasetili hutoka pia kahawa inapokaangwa na kusagwa, bila mtu kuitia. Mwaka 2016 NIOSH ilipendekeza kwamba mfanyakazi asivute hewa yenye diasetili zaidi ya sehemu 5 katika sehemu bilioni kwa wastani wa zamu ya saa nane. Ni kiasi kidogo kiasi kwamba unaweza kukizidi pua yako ikiwa imeshazoea, haisikii kitu.

Kama unamimina, unachanganya au unapima ladha, una haki kisheria ya kuonyeshwa karatasi ya usalama ya kila kemikali unayoshika. Iombe, uipige picha. Ukiwa na kikohozi kikavu kisichoisha, ukahema kwa kupanda ngazi ulizokuwa ukizipanda bila shida, na hali haibadiliki hata ukiwa likizo, nenda kwa daktari na umtajie majina ya vitu hivyo. Usimwambie "nafanya kazi kiwandani" tu. Omba kipimo cha kupuliza kinachopima nguvu ya mapafu, na utunze majibu yake ili cha mwaka ujao kilinganishwe nacho. Wagonjwa kadhaa wa mwanzo walitibiwa pumu au magonjwa ya wavuta sigara kabla mtu hajauliza wanafanya kazi gani.

Watoto, na kutunza punje

Mtoto wa chini ya miaka minne usimpe bisi za aina yoyote, hata za sufuria. Maganda na punje nusu huenda kwenye njia ya hewa, na kumtoa kitu hicho ni kazi ya hospitali. Mwanangu mdogo ana miaka mitatu na nusu. Yeye nampikia viazi vitamu siku ya bisi.

Punje zilizokauka sana hazipasuki, kwa sababu yale maji ya ndani yamepungua. Usizitupe. Tia vikombe vitatu vya punje kwenye chupa ya glasi, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji, funga kifuniko, tikisa. Itikise tena kila ukipita jikoni siku hiyo, halafu iache siku tatu au nne mahali pasipo na jua. Kabla ya kupika bakuli zima, jaribu tatu.